Namba ya zumu isikumalizie mtaji

Soko la kamera ndogo limesinyaa, na kusinyaa huko kunamgusa muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Mwaka 2010 makampuni yaliyomo katika CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, yalipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 8 na ushei tu. Simu ndizo zilizolimeza soko la kamera za bei nafuu. Casio ilijitoa katika kamera ndogo mwaka 2018, na waliobaki wamepunguza aina wanazotengeneza.

Pengo hilo halikubaki wazi. Limejazwa na kamera zisizo na jina linalofahamika, zenye maboksi ya kuvutia yaliyoandikwa "16X" na "megapikseli 48". Mtu anayetaka kamera moja ya likizo, sherehe za nyumbani na matembezi ya kawaida huvutiwa na namba hizo. Maoni ya safu hii ni kwamba anayenunua, au anayeagiza mzigo, kwa kutazama namba ya zumu peke yake anaweka fedha zake mahali pabaya.

Zumu ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya lenzi: vioo husogea ndani ya kamera na kukivuta kitu karibu kweli. Ya pili ni ya dijitali: kamera hukata kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Kazi hiyo hata simu inaifanya bila malipo. Nyingi ya kamera hizo za "16X" zina zumu ya dijitali tu.

Hata zumu ya lenzi haielezwi vizuri na alama ya "X". Alama hiyo ni uwiano wa mwisho wa lenzi na mwanzo wake, basi. Kipimo cha kuuliza dukani ni milimita, kwa hesabu ya kamera ya filamu ya 35mm. Panasonic TZ99 ya mwaka 2025 inaanza 24 na kuishia 720, ndiyo 30X yake. Sony RX10 IV ya 2017 inaanza 24 na kuishia 600, yaani 25X. Kwa kutazama X mtu angesema ya kwanza ndiyo bora. Lakini kihisi cha Sony, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa na filamu zamani, kina eneo linalokaribia mara nne ya lile la Panasonic. Tena lenzi yake ikivutwa hadi mwisho bado inafunguka kwa f/4, wakati ya Panasonic inabana hadi f/6.4. Jioni, au ndani ya ukumbi wa harusi, tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Hata hivyo, ubora huo una gharama yake. RX10 IV ina uzito unaozidi kilo moja, na ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 1,700 hivi. TZ99 ina gramu zipatazo 320, inaingia mfukoni, na ilianza kwa takriban dola 500. Haina tundu la kuchungulia, hivyo juani ufukweni kioo chake husomeka kwa shida. Mnunuzi achague kasoro anayoweza kuishi nayo.

Ajiulize pia anakwenda wapi. Kwa picha za familia, Mji Mkongwe na ufukweni, milimita 24 hadi 200 zinatosha. Hapo ipo Sony RX100 VII ya 2019, yenye kihisi kikubwa kama cha RX10 IV, lakini nayo si rahisi kwa bei. Akumbuke kuwa iPhone 15 Pro Max ya 2023 tayari ina lenzi ya milimita 120, hivyo kamera inayoishia 100 haitamwongezea umbali. Katika kreta ya Ngorongoro, ambako magari hayaruhusiwi kuacha barabara, faru anaweza kuwa mbali mno. Huko 600 au 720 zina kazi. Nikon P1000 ya 2018 inafika 3,000, lakini ina uzito wa kilo 1.4, na saa sita mchana hewa ya moto inayocheza juu ya ardhi huivuruga picha ya mbali hata lenzi iwe nzuri namna gani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atie kadi, avute zumu hadi mwisho, apige picha ya kibao cha duka la ng'ambo ya barabara na kukuza herufi zake kwenye kioo. Aangalie kama lenzi inasogea. Kwa kamera iliyokwisha kutumika, achunguze vumbi na mchanga, kwani lenzi inayoingia na kutoka huuvuta ndani, na kuifungua kwa usafi ni kazi ya fundi.

Kwa wafanyabiashara, ushauri wetu ni kutofunga mtaji katika shehena ya maboksi yasiyo na jina. Faida ya boksi moja inaweza kuonekana nono, lakini mteja aliyerudi mbugani na picha za ukungu hatarudi dukani, na ataisimulia safari yake. Ni heri kamera chache zinazojulikana, pamoja na betri za akiba, kadi na mikoba. Kwenye kibandiko cha bei iandikwe milimita ya mwanzo na ya mwisho ya lenzi, badala ya X. Muuzaji anayeandika hivyo hana cha kuficha, na katika soko lililobaki dogo kiasi hiki, mteja anayerudi ndiye biashara yenyewe.