Ufunguo wa Siri ya Mwananchi Usikae Ndani ya Simu

Simu ya mkononi imekwisha kuwa sanduku la mwananchi. Ndani yake mna akiba yake, barua zake, picha za wanawe, namba ya Kitambulisho chake cha Taifa, na hata hati za shamba alizozipiga picha zisije zikaliwa na mchwa. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mkulima wa Namtumbo na mchuuzi wa Kariakoo wamekuwa wakiweka riziki yao mahali pamoja na siri zao. Hayo ni maendeleo, wala hapana sababu ya kuyabeza. Lakini sanduku hilo lina kasoro kubwa: ufunguo wake umening'inizwa kwenye kitasa.

Mtu anapoipeleka simu kwa fundi kubadilishiwa kioo, huulizwa namba ya siri ya kuifungulia, na aghalabu huitaja kwa sauti mbele ya wateja wengine. Katika familia nyingi simu moja hutumiwa na watu watatu au wanne. Namba ya tarakimu nne inayotokana na mwaka wa kuzaliwa yaweza kumzuia mtoto, mwizi haimzuii.

Dawa ya kasoro hiyo ipo, nayo ni kadi ya kugusisha, yaani ile isiyochomekwa popote bali husogezwa tu karibu na chombo. Kadi hiyo haina betri. Simu hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, na uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa ndani ya kadi huyageuza mawimbi hayo kuwa umeme wa kutosha kuamsha kompyuta ndogo iliyomo. Simu huiuliza kadi swali jipya kila mara, na kadi hulijibu kwa kutumia ufunguo ambao kamwe hautoki nje yake. Taarifa zilizomo katika simu zikifungwa kwa njia hiyo, mwizi aliyeiba simu bila kadi amepata kioo na plastiki. Naye aliyeiokota kadi bila kuijua namba yake ya siri hakupata kitu.

Hata hivyo, si kila kadi ni ngao. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walithibitisha kwamba kadi za Mifare Classic, zilizokuwa zikitumika kwa mamilioni katika nauli za mabasi na treni, London ikiwemo, zingeweza kuigizwa. Kampuni ya NXP ilikuwa imeificha kanuni ya hesabu ya kadi hizo, ikidhani kwamba kuificha ndiko kuilinda, na ufunguo wenyewe ulikuwa wa biti 48 tu. Kanuni ilipofichuliwa, kampuni hiyo ilikimbilia mahakamani kuzuia matokeo ya utafiti yasichapishwe. Mahakama ya Arnhem ilikataa. Wenye mali walitaka umma uendelee kubeba kadi mbovu mfukoni bila kujua, ili biashara isiharibike! Nchi inayonunua vyombo vya ulinzi kutoka ng'ambo haina budi kudai kanuni zilizo wazi, zilizokwisha kupimwa na wataalamu wa dunia nzima, na siri ibaki katika ufunguo peke yake.

Ujerumani imekwenda mbali katika jambo hili. Tangu Novemba 2010 vitambulisho vya raia wake vina kompyuta ya kugusisha, na raia huweza kukiweka kitambulisho chake nyuma ya simu, akaandika namba ya siri yenye tarakimu sita, akajitambulisha kwa ofisi au kampuni. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kitambulisho nacho huuliza: anayetaka taarifa ni nani, na ameruhusiwa kuona zipi? Asiye na hati ya idhini hajibiwi. Anayehitaji kujua kama mteja ametimiza miaka 18 huambiwa ndiyo au siyo, pasipo kupewa tarehe ya kuzaliwa.

Tanzania haianzii patupu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na Tume yake ipo. Pasi za kusafiria za kielektroniki zilizozinduliwa Januari 2018 zina kompyuta ya aina hii hii. Kilichobaki ni kuufikisha uwezo huo kwa mwananchi asiyesafiri nje, na vyombo vinavyohusika havina udhuru wa kuchelewa.

Watakaodai kwamba kadi itamaliza hila zote wasisikilizwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila leseni. Mkopeshaji aliyeruhusiwa na mkopaji mwenyewe kuyasoma majina ya ndugu na marafiki zake hahitaji kuvunja kufuli lolote. Huyo ni wa kushughulikiwa na sheria.

Pia ziko simu nyingi, hasa za vitufe na zile za bei nafuu, zisizoweza kabisa kusoma kadi ya kugusisha. Kuwaacha nyuma wenye simu hizo ni kuufanya usalama kuwa anasa ya mjini. Yafaa vyombo vya kusomea kadi viwekwe katika ofisi za kata na kwa mawakala wa fedha, na waingizaji wa simu wabanwe kuhusu aina wanazoleta.

Zaidi ya hayo, kila mwananchi apewe kadi mbili kwa pamoja, moja ya kutembea nayo na moja ya kuhifadhi nyumbani. Asiyekuwa na ya akiba, siku atakapopoteza aliyonayo, taarifa zake zitakuwa zimefungwa hata kwake yeye, na hapo si fundi wa Kariakoo wala ofisa wa Serikali atakayeweza kumfungulia.