Rufaa Haizuii Mnada

Rufaa haizuii mnada.

Mwenye nyumba au shamba lililowekwa rehani kwa benki nchini Kenya, aliyekataliwa zuio la mnada na Mahakama Kuu, aisome sentensi hiyo mara mbili. Zuio likikataliwa, benki hailazimiki kukungoja ukate rufaa. Dalali hutangaza gazetini. Siku 14 baada ya tangazo la kwanza anaweza kupiga nyundo.

Nyundo ikishapigwa, haki ya kuikomboa mali imekwisha. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamkinga mnunuzi asiyehusika na hila. Wewe unabaki na madai ya fidia dhidi ya benki, na mtu mwingine anabaki na nyumba yako.

Sasa hesabu siku.

Notisi ya kukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi uliposomwa. Tangu uliposomwa, si tangu ulipopata nakala. Bila notisi hiyo, mahakama haiwezi hata kusikiliza ombi lako la kusimamisha mnada. Ukiwa nayo, peleka ombi papo hapo, chini ya hati ya dharura, ukionyesha mambo mawili: rufaa yako ina hoja ya kusikilizwa, na mali ikiuzwa rufaa hiyo itakuwa kazi bure.

Wengi huzimaliza siku 14 kwenye vikao vya ukoo.

Wengine husikiliza madalali wa kesi wanaozurura nje ya mahakama: fungua kesi mpya mji mwingine, utapata jaji mwingine. Usithubutu. Malalamiko yaleyale yakivishwa namba mpya hutupwa, na gharama unabebeshwa wewe. Kesi mpya inafaa pale tu benki imefanya kosa jipya. Mfano ni kuiuza mali kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Hapo sheria huchukulia kuwa benki imekosea hadi yenyewe ithibitishe vinginevyo.

Na wewe ambaye hujaenda mahakamani? Toa barua zako mezani leo. Je, benki ilikupa notisi ya miezi mitatu ya kulipa? Notisi ya siku 40 ya kuuza? Dalali alikupa notisi yake ya siku 45? Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako aliridhia rehani? Hatua iliyorukwa ndiyo kesi yako. Lakini usijidanganye. Notisi mbovu humrudisha mkopeshaji mwanzo tu. Deni halifutiki, na riba inaendelea kupanda. Kukosa ridhaa ya mwenzi ni jambo zito zaidi, kwa kuwa linagusa uhalali wa rehani yenyewe.

Kubishania kiasi cha deni peke yake hakutakuokoa. Majaji wa Kenya wamesema hivyo mara nyingi: ugomvi wa hesabu hausimamishi mnada. Lipa sehemu usiyoibishia. Au leta mnunuzi wako mwenyewe kabla ya nyundo, uiandikie benki, uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kama uamuzi wako ulisomwa Jumatatu ya wiki jana na leo ni Jumatatu, umebakiwa na siku saba. Mpigie wakili kabla ya masjala kufungwa leo jioni.