Saa za Tikiti na Saa za Safari

Kijana mmoja ambaye nduguye yuko masomoni Ulaya ametuletea swali. Nduguye asafiri kwa ndege kutoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwenda Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Katika tikiti, safari ya kwenda yaondoka 13.00 na kufika 19.30, ya kurudi yaondoka 13.00 na kufika 16.00. Kijana ashangaa: vipi ndege iende kwa saa sita na nusu, kisha irudi kwa saa tatu?

Ndege haikufanya miujiza. Kila kiwanja huandika saa za mji wake, na saa za Ufini zimetangulia za Ureno kwa saa mbili, wakati wa joto na wakati wa baridi. Basi safari ya kwenda tuondoe mbili, zibaki nne na nusu. Ya kurudi tuongeze mbili, ziwe tano. Hiyo nusu saa iliyozidi ni kazi ya upepo wa juu angani, ambao aghalabu huvuma kutoka magharibi: humsukuma aendaye Helsinki na kumkabili arudiye.

Masafa yenyewe ni kama kilomita 3,360. Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 800 hadi 900 kwa saa, nao muda uliosalia huliwa na kupaa, kushuka na kutambaa kiwanjani. Mwenye ramani ya ukutani akiweka rula, ataona nusu ya njia imeangukia Ujerumani. Lakini dunia ni mviringo. Na avute uzi juu ya tufe, ataukuta ukipita Ubelgiji, si mbali na Brussels.

Linalotushughulisha zaidi ni mama aliyeko nyumbani akingoja simu. Wakati wa joto, saa za Helsinki ni sawasawa na zetu za Afrika Mashariki, 19.30 ya tikiti ni saa moja u nusu usiku kwao na kwetu. Wakati wa baridi wao huwa nyuma yetu kwa saa moja, na mtoto hutua kwetu ikiwa saa mbili u nusu. Asiyejua hayo atakaa na hofu saa nzima, na mwanawe yungali angani salama, simu yake imezimwa. Tena asipime kwa jua, kama tulivyozoea sisi: mwezi wa Juni jua la Helsinki huchwa karibu na saa tano usiku, na Desemba huchwa baada ya saa tisa alasiri.

Hesabu hiyo ni ya ndege isiyotua njiani. Iwapo tikiti yabadilisha ndege Frankfurt au Amsterdam, safari yaweza kufika saa saba, nane au zaidi, kwa kadiri ya kungoja. Na ikipitia London, hapana budi msafiri aulize habari ya viza kabla ya kulipa, kwa maana Ureno na Ufini zimo katika mapatano ya Schengen, na Uingereza haimo. Paspoti hukaguliwa atokapo na aingiapo tena.