Sanduku la Kioo Lisinunuliwe Kabla ya Meza



Tangu sanduku letu la samaki lilipopasuka muhula uliopita, watu wanasema ubaya ulikuwa kwenye kioo. Hapana. Kioo kilikuwa kizima. Ubaya ulikuwa kwetu sisi makapita wa darasa la sita, maana ni sisi tuliounganisha madawati mawili, moja fupi kuliko lingine kwa unene wa kidole, tukatia karatasi chini ya mguu, tukasema inatosha. Usiku kioo cha chini kikapasuka. Samaki walikufa wote, na asubuhi mdogo wetu mmoja wa darasa la kwanza akakatwa mguu na kipande. Tunamwomba radhi hapa mbele ya wote.

Sasa mchango unakusanywa tena, na maneno ni yale yale: tununue upesi, wazazi wanakuja. Sisi tunasema sanduku lisinunuliwe mpaka meza yake isimame.

Tuhesabu kidogo. Sanduku la urefu wa sentimeta 100, upana 40, na maji ya kina cha 45, linabeba lita 180, ndiyo kilo 180. Ongeza mchanga na mawe, ongeza vioo vyenyewe, unafika karibu kilo 300. Hiyo ni mifuko 6 ya simenti, usiku na mchana. Nani ataweka mifuko 6 ya simenti juu ya dawati? Tena simenti inatulia, lakini maji yanacheza mtu akisukuma.

Seremala wa shule alituonyesha kosa ambalo wengi wanalifanya: kupigilia ubao wa juu ubavuni mwa mguu, hivi uzito wote unaning'inia kwenye misumari. Ubao wa juu ukalie kichwa cha mguu wenyewe. Kisha mbao za mshazari, nyuma na pande mbili, kwa sababu miguu minne bila mshazari inalala upande kama mlango mbovu. Na huku kwetu ardhi yenyewe inatikisika: tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 liliangusha nyumba Kalemie, kwenye ziwa hili hili. Juu ya yote, ubao mpana uliopimwa kwa nivo, na kipande cha sponji ya godoro chini ya kioo. Kioo hakijui kupinda. Pembe moja ikikosa pa kukalia, basi.

Wengine wanauliza kwa nini mbao zisitengeneze madawati. Ni swali la haki. Lakini hizi ni mbao za kalitusi za paa la jiko la zamani, nene mno kwa dawati.

Wengine wanacheka: ziwa liko pale, kufunga samaki ni kwa nini? Ndiyo, liko pale, kina chake kinafika mita 1,470, na sisi tunajua ndagala na mikeke ya kwenye sahani tu. Nani kati yetu ameona wale wadogo wa kwenye mawe? Kuna mmoja wa kaskazini ya ziwa, Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki hai toka Bujumbura. Watoto wake wakikua hawakimbilii mbali. Wanabaki kulinda mayai na wadogo zao. Watu wa Ulaya wanamtazama sebuleni mwao. Sisi tunaoga juu yake. Na tope linaloshuka na Mulongwe na Kalimabenge (mafuriko ya Aprili 2020 nani ameyasahau?) linafunika mawe anamoishi.

Sisi wa sita tutafanya mtihani wa Serikali na kuondoka kabla samaki hawajazoea. Meza itabaki na ninyi wadogo.

Tunaanza Jumamosi baada ya kazi za mikono. Msumeno uko mmoja tu. Mwenye msumeno nyumbani aje nao, na ambaye baba yake ana nivo aombe ruhusa mapema.