ELIMU NA MAARIFA: Nyota Nazo Huzaliwa, Huzeeka na Kufa

Tangu zamani wakulima wa Afrika ya Mashariki wamekitazama Kilimia ili wapate kujua majira ya kulima, na hata jina lake lafanana na kazi hiyo. Mwenye macho mazuri huhesabu humo nyota sita au saba. Lakini darubini kubwa zimeonyesha ya kuwa zimo zaidi ya 1,000. Watu wengi hudhani ya kuwa nyota hazibadiliki kamwe. Sivyo. Nyota nazo zina kuzaliwa kwao, uzee wao na mauti yao.

Nyota huzaliwa katika mawingu makubwa mno ya gesi na vumbi. Mawingu hayo si ya mvua. Sehemu kubwa yake ni gesi iitwayo haidrojeni. Uzito wa wingu hulivuta lijikusanye, na kadiri linavyojikaza ndivyo joto linavyozidi. Joto la kitovu chake lifikapo digrii milioni 10 hivi, haidrojeni huanza kugeuka kuwa gesi nyingine, yaani heliamu. Mgeuko huo ndio utoao mwanga na joto la nyota. Si moto kama wa kuni, wala hauhitaji hewa.

Jua ni nyota kama nyingine, ila li karibu. Umbali wake ni maili 93,000,000, na mwanga wake hutufikia kwa dakika 8 hivi. Mwanga wa Kilimia husafiri miaka 440 hivi; kwa hiyo ule unaoonekana usiku wa leo uliondoka huko karibu na siku zile Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1593.

Kilimia ni kijana, maana umri wake ni miaka milioni 100 hivi tu. Jua ni mtu mzima, lina miaka milioni 4,600. Kila sekunde hupoteza tani milioni 4 za uzito wake, zikageuka kuwa mwanga. Hata hivyo akiba yake yatosha kwa miaka milioni 5,000 mingine. Ikiisha, jua litavimba na kuwa jekundu. Atakaye kuona mfano wa uzee huo na aitazame nyota nyekundu ing'aayo inayokifuata Kilimia. Waarabu waliiita Al-Dabaran, maana yake mfuasi, na upana wake ni zaidi ya mara 40 ya upana wa jua. Mwisho wa nyota za namna hiyo ni kupoteza gesi zake za nje, kikabaki kiini kidogo, ukubwa wake kama dunia, kikipoa polepole mfano wa kaa lililofukiwa jivuni.

Nyota kubwa sana hazifi kwa utulivu. Hizo ni kama tajiri aliye na ghala kubwa na matumizi makubwa zaidi: humaliza mali yake upesi, kisha hulipuka. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota mpya iliyoonekana hata mchana, na mabaki ya mlipuko huo yaonekana kwa darubini mpaka leo. Tena mwaka 1987 watu wa nchi za kusini waliona mlipuko mwingine kwa macho matupu.

Mambo haya hayakupatikana kwa urahisi. Mwaka 1925 Bibi Cecilia Payne, Mwingereza aliyekuwa akisoma Marekani, aliuchunguza mwanga wa nyota akagundua ya kuwa haidrojeni ndiyo iliyo nyingi kupita vitu vyote. Bingwa mmoja mwenye sifa kubwa, Henry Norris Russell, alimwambia ya kuwa haiwezekani, naye Bibi akaandika katika kitabu chake ya kuwa matokeo hayo huenda si ya kweli. Mwaka 1929 bingwa yule mwenyewe alikiri ya kuwa Bibi alikuwa na haki. Cheo cha msemaji hakigeuzi hesabu iliyo sahihi.

Labda mkulima atauliza: habari za mbali hivi zanihusu nini? Na alitazame jembe lake. Chuma chake kilifanyika ndani ya nyota na katika milipuko yao, kabla jua halijazaliwa. Kadhalika chuma kilicho katika damu yake, na chokaa iliyo katika mifupa yake. Nyota zilipokufa zilitawanya vitu hivyo angani, vikachanganyika na mawingu mapya, na katika wingu moja la namna hiyo likatokea jua pamoja na dunia hii na udongo wake.

Ule utepe mweupe ukatizao mbingu usiku usio na mwezi ni nyota zaidi ya milioni 100,000, na jua ni moja tu miongoni mwao. Kama vile shamba lisivyopata rutuba pasipo majani kuoza, ndivyo dunia isivyopata chuma pasipo nyota kufa.