Ramani ya mafuriko ianzie vilimani



Nina maoni kuhusu mafuriko ya bonde la Msimbazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe, na ndugu zangu wanaishi Buguruni. Maji haya nayaona yakianza, wao huyaona yakifika.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu jijini, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Kisha kuanzia 2015, chini ya mpango wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani pamoja na wananchi wakichora nyumba, mitaro na vichochoro vya mabondeni. Kazi hiyo inastahili pongezi. Mkazi wa kwa Mnyamani hahitaji mtaalamu wa kumwambia maji yalifika wapi. Atakuonyesha alama ukutani kwake. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kumwuliza na kuandika.

Lakini ramani hizo mwananchi azione wapi? Niliulizia katika ofisi moja ya mtaa, nikaonyeshwa kalenda. Ramani iliyo ndani ya kompyuta haimsaidii mjumbe anayegonga milango saa nane za usiku. Kule Sikkim, India, wataalamu walikuwa wamelipima ziwa la South Lhonak, linalotokana na barafu ya mlimani, wakaonya miaka kadhaa kabla. Oktoba 2023 ziwa hilo lilivunja kingo zake usiku, likabomoa bwawa la umeme la Chungthang na kuua watu wengi. Mitambo ya tahadhari ilikuwa bado haijakamilika.

Nepal walifanya vingine. Mwaka 2016 askari wao walipanda hadi ziwa Imja, zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari, wakachimba mfereji na kushusha maji kwa zaidi ya mita tatu. Hawakuyangoja bondeni.

Sisi hatuna ziwa la barafu juu ya Buguruni. Tunavyo vilima vya Pugu na Kisarawe, unakoanzia Msimbazi, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ambayo imekatwa mkaa miaka nenda miaka rudi. Ardhi ikibaki uchi, mvua inateremka na mchanga, mchanga unajaza mto, na Jangwani panazibuliwa leo pajae tena masika yajayo. Fedha inayotumika huko chini ni nyingi. Je, nani anayapima makorongo ya huku juu?

Napendekeza ramani ya kila kata ya mabondeni ichapwe kwa karatasi kubwa, itundikwe katika ofisi ya mtaa na shuleni, na baada ya kila masika alama mpya ya maji iongezwe. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa kamba na rula, Buguruni wakipima kuta na Kisarawe wakipima makorongo. Wanafunzi wangu wanachora ramani ya Afrika vizuri kabisa. Korongo lililo nyuma ya shule yao halimo katika ramani yoyote niliyopata kuiona.

Wahusika wa Halmashauri ya Kisarawe na ya Jiji la Dar es Salaam, tunaomba jibu katika ukurasa huu kabla ya masika.

Mwalimu wa Kijijini,
Kisarawe.