Karatasi ya Peni Kumi na Mbili

Watu wengine husema ya kuwa maskini hawawezi kuweka akiba, kwa sababu fedha ikiwafikia mkononi huitapanya. Mimi siyakubali maneno hayo, na sababu yangu ni habari za Posta ya Uingereza.

Zamani maskini wa nchi ile walikuwa na benki zao za akiba, zilizosimamiwa na wakubwa wa kila mji. Watu walidhani ya kuwa Serikali ndiyo mdhamini wa kila shilingi waliyoiweka humo, kumbe sivyo. Mwaka 1849, katika mji wa Rochdale, mtunza hesabu wa benki ya namna hiyo alikufa, na vitabu vyake vilipokaguliwa zikaonekana zimepotea pauni zaidi ya 70,000. Je, mtu aliyepatwa na hasara kama hiyo akirudi kuficha fedha yake chini ya godoro, tumwite mpumbavu?

Dawa ilipatikana mwaka 1861. Bwana Gladstone, aliyekuwa waziri wa fedha, alileta sheria ya kwamba Posta ipokee akiba za watu, na Serikali yenyewe iwe mdhamini. Mtu aliweza kuanza kwa shilingi 1, yaani peni 12. Faida ilikuwa ndogo: peni 6 kwa kila pauni kwa mwaka mzima! Hata hivyo watu walikuja kwa wingi, maana walichokitaka kwanza ni kuikuta fedha yao pale walipoiweka.

Lakini kwa mtoto hata shilingi 1 ilikuwa nyingi. Aliyeliona jambo hili ni Henry Fawcett, ambaye alikuwa kipofu tangu mwaka 1858, alipopigwa risasi na baba yake kwa bahati mbaya walipokuwa wakiwinda. Mwaka 1880 alifanywa mkuu wa Posta, na mwaka ule ule akatoa karatasi ya kubandikwa stempu za peni. Mtoto akipata peni hununua stempu na kuibandika; zikitimia 12 huipeleka Posta, akaandikiwa shilingi katika kitabu chake.

Mwaka 1916 Serikali iliuza hati za akiba kwa shilingi 15 na peni 6, ikaahidi kulipa pauni 1 baada ya miaka 5. Wengi huzisifu. Mimi naisifu zaidi ile karatasi. Hati zilitolewa kwa kuwa Serikali ilihitaji fedha za vita. Karatasi ilitolewa kwa kuwa mtoto mwenye peni 1 hakuwa na pa kuiweka.